Maji ya Kilombero, Mwanga wa Jukwaani

Mpunga ukishavunwa na magunia yakishapakiwa, bonde la Kilombero huingia kwenye msimu wa harusi, na fundi wa mziki hapati tena usingizi. Katika vijiji vya upande wa Mlimba, Mchombe kikiwa kimojawapo, hufika jua likiwa bado juu, pikipiki yake imebeba mzigo ambao mtu wa mjini angeukataa: spika mbili zilizofungwa kwa mipira, miksa ndani ya blanketi, kompyuta kwenye begi la shule, kiroba cha nyaya, na shuka jeupe. Shuka ndilo linalomchukulia muda. Hulifunga kati ya nguzo mbili za mwanzi, hulivuta pembe zote nne mpaka likaze kama ngozi ya ngoma, kisha hufunga mawe kwenye pindo la chini ili upepo unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa usiligeuze tanga. Giza likiingia, projekta huwashwa. Msanii wa Dar es Salaam hutokea mkubwa kuliko mlango wa nyumba, taa ya rangi huzunguka juu ya vichwa vya watu, MC hulichomeka jina la bwana harusi katikati ya wimbo, na watoto waliokosa nafasi mbele huenda kukaa nyuma ya shuka. Huko nyuma picha huonekana vilevile, ila maandishi yamegeuka.

Katika miji mikubwa ya dunia, onesho linalounganisha muziki wa moja kwa moja, mitambo na sanaa ya picha hutangazwa kama jambo jipya la karne hii. Huku Kilombero onesho hilo halina jina la kifahari. Watu husema wamekodi mziki na picha. Lakini lina historia, ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na uzi unaoishona ni mmoja: nani ana moto, nani ana mafuta, nani ana umeme. Habari hiyo inastahili kuanzia kwenye bonde hili, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme uliowasha majukwaa ya Tanzania kwa nusu karne imetoka kwenye maji yake na ya jirani zake.

Mwanzo ulikuwa moto. Mpiga ngoma ya ngozi anajua kwamba umande wa bondeni hulegeza ngozi, na ngoma iliyolegea hailii. Majani makavu huwashwa pembeni ya uwanja, ngoma huelekezwa kwenye joto, hugongwa kwa kidole, hugeuzwa, hugongwa tena, mpaka sauti ipande. Moto huohuo ndio uliowamulika wachezaji: njuga miguuni, vitambaa viunoni, usinga mkononi, vivuli vikirefuka na kufupika kwenye kuta za udongo. Chanzo kimoja kilitoa sauti na mwanga. Wapogoro kwa sangula yao, na Wandamba, Wambunga na Wabena kwa ngoma zao, hawakuwahi kutenganisha cha kusikia na cha kutazama. Neno lenyewe linasema hivyo: ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni mkusanyiko wa watu, vyote kwa pamoja.

Mtambo wenye picha inayotembea ulikuja vijijini kwa lori. Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio wa sinema za elimu kwa Waafrika, unaojulikana kwa kifupi chake, BEKE. Utengenezaji wa filamu uliongozwa na Meja L. A. Notcutt, na upande wa elimu ulikuwa chini ya G. C. Latham. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu 35, nyingi zikiwa fupi na zikihusu kilimo, afya na matumizi ya fedha. Lori la maonesho lilizunguka Tanganyika na nchi za jirani likiwa na projekta, skrini, umeme wake lenyewe na mashine ya santuri.

Mashine hiyo ya santuri inastahili kuangaliwa kwa karibu. Utepe wa filamu wenyewe ulikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, na fundi alitakiwa kuweka sindano juu ya sahani wakati uleule picha ilipoanza kutembea. Akichelewa kidogo, sauti na picha huachana, na kuzirudisha pamoja katikati ya onesho ni kazi ngumu. Kwa hiyo mtu aliyesimama gizani kando ya lori mwaka 1935, sikio kwenye spika na jicho kwenye skrini, alikuwa anafanya kazi ileile anayoifanya leo fundi wa mziki wa Mchombe mwenye kompyuta: kuoanisha sauti na picha mbele ya umati, bila nafasi ya kurudia.

Tofauti ilikuwa kwenye nani aliyeshika mtambo. Magari ya sinema ya serikali ya kikoloni, ambayo yaliendelea kuzunguka baada ya Vita Kuu ya Pili, yalikuja na fundi wake, filamu zake na maneno yake. Muziki wa santuri kupitia kipaza sauti uliwaita watu, kisha somo likafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilianza kutengenezwa filamu za Kiswahili zenye waigizaji wa nyumbani, na iliyobaki kwenye kumbukumbu za wengi ni Muhogo Mchungu, ambamo mhusika mkuu aliigizwa na kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Waliomwona kwanza kwenye shuka jeupe la uwanjani baadaye walimsikia redioni akihutubia taifa.

Muziki wa moja kwa moja ulikuwa na njia yake. Morogoro, mji mkuu wa mkoa ambao Kilombero ni sehemu yake, ulikuwa mji wa bendi. Morogoro Jazz ilianzishwa katika miaka ya 1940, na mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha kundi lililokuja kuvuma kama Cuban Marimba. Bendi hizo mbili ziligawa mji. Kila moja ilikuwa na wapenzi wake, mitindo yake na ukumbi wake, na ushindani ukazilazimisha kununua vyombo bora. Gitaa la umeme lilipoingia, lilikuja na mahitaji ambayo gitaa kavu halikuyajua: amplifaya, soketi, na mtu wa kurekebisha waya ukikatika katikati ya wimbo. Bendi iliyosafiri kwenda kwenye miji midogo na mashamba makubwa ilisafiri na jenereta, au ilipiga pale tu palipokuwa na umeme wa kiwanda au wa misheni. Ramani ya ziara za bendi ilikuwa ramani ya nishati.

Ndani ya Morogoro Jazz alikuwemo Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, mpiga solo ambaye hadi leo wapiga gitaa wa Afrika Mashariki humtaja kwa heshima. Solo yake ilisimulia. Iliuliza, ikajibiwa na saksafoni, ikarudi na jibu lingine. Wimbo wa bendi yake ukianza polepole kwa maneno, kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba mbele kuna sehemu ya kucheza ambapo sauti ya mtu hunyamaza na gitaa linapewa uwanja.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye Maonesho ya Dunia ya Osaka, Expo '70. Maonesho yalifunguliwa Machi 15 na kufungwa Septemba 13. Nchi 77 zilishiriki, na watu zaidi ya milioni 64 waliingia viwanjani. Safari hiyo hutajwa kwa mstari mmoja katika wasifu wa Mbaraka, kana kwamba ni ziara kama nyingine. Inahitaji zaidi ya mstari, kwa sababu ya kilichokuwa kinatokea kwenye viwanja hivyo miezi ileile.

Katika banda la Ujerumani Magharibi, mtunzi Karlheinz Stockhausen na wanamuziki wapatao 20 walipiga kila siku ndani ya ukumbi wa umbo la mpira. Wasikilizaji walikaa katikati, juu ya sakafu inayopitisha sauti, spika zikiwa zimewazunguka pembeni, juu yao na chini ya miguu yao. Muziki ulizungushwa kutoka spika moja hadi nyingine kama nyuki anayezunguka chumba. Katika banda la wenye viwanda vya chuma vya Japani, kazi ya Iannis Xenakis ilitawanywa kwenye mamia ya spika. Banda la Fuji lilionesha Tiger Child, filamu ya kwanza duniani kwa mfumo wa skrini kubwa wa IMAX. Na banda la Pepsi, lililobuniwa na kundi la wasanii na wahandisi, lilifunikwa na ukungu. Msanii Fujiko Nakaya aliutengeneza kwa kulazimisha maji yapite kwenye vitundu vidogo sana, na ndani ya banda kulikuwa na kuba la kioo lililowaonesha watu taswira zao zikiwa zimepinduka, huku mfumo wa sauti wa David Tudor ukicheza.

Vitabu vya historia ya sanaa huitazama Osaka ya mwaka huo kama moja ya vituo vikuu vya muziki ulioungana na mitambo na picha. Majina yanayotajwa ni ya Ulaya, Marekani na Japani. Hakuna anayeongeza kwamba kwenye uwanja huohuo bendi ya Kiswahili kutoka Morogoro ilipiga dansi. Kuiacha ni kosa. Bendi ile haikwenda pale kama kikundi cha mila cha kuonesha njuga. Ilikwenda na gitaa za umeme, amplifaya na nyimbo zilizotungwa juu ya maisha ya mjini, muziki wa kisasa wa wakati wake. Wahandisi wa Osaka walikuwa wanatafuta namna ya kumzungushia msikilizaji sauti pande zote, na wanadansi wa Morogoro walikuwa wanajua namna ya kuufanya umati mzima uwe sehemu ya muziki kwa gitaa moja. Maarifa yote mawili yalikuwa pale.

Nyumbani, hata hivyo, hakukuwa na skrini ya kuonesha safari hiyo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja hadi mwaka 1994. Serikali iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi yenye vijiji visivyo na maji ya bomba, ingawa Zanzibar ilianza ya kwake, tena ya rangi, katika miaka ya 1970. Bara ilikuwa nchi ya redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zikiwa zimesimama pamoja studioni, wimbo unapigwa wote kwa mkupuo, na mkanda ukahifadhiwa maktaba. Kwa santuri, wengi walilazimika kwenda Nairobi. Kwa hiyo bendi iliishi kwa ukumbi, na picha ya mwanamuziki ilibaki kwenye macho ya waliomwona. Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya. Kizazi kizima kinamjua kwa sauti bila kuwahi kumwona akisogeza vidole.

Miaka hiyohiyo bonde la Kilombero lilibadilishwa na kazi mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilipita Kidatu, ikafika Ifakara, ikafuata mguu wa Udzungwa hadi Mlimba, kabla ya kupanda milima kuelekea Makambako. Watu waliokuwa wakifungiwa na mafuriko kila masika sasa walikuwa na treni. Mchele na ndizi zikapanda. Redio, betri, nguo, na baadaye kaseti, zikashuka. Kwa vijiji vya njia hii, muziki wa mjini ulifika kwa behewa la mizigo miaka mingi kabla ya kufika kwa waya.

Kazi ya pili ilikuwa bwawa la Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, mlangoni mwa bonde. Lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980 uwezo wake ukafika megawati 204. Nyaya kubwa zikavutwa kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Kumbi za dansi za Dar, ambako bendi za mashirika kama NUTA Jazz, JKT na Polisi zilipiga usiku kucha, zilikuwa zinatumia nguvu ya maji ya huku. Mwenye nyumba Mchombe, au kijiji chochote cha jirani, aliendelea na kibatari. Umeme ulizalishwa mlangoni kwake, ukampita. Jambo hili lilidumu miongo, na halina budi kusemwa wazi, kwa sababu ndilo lililoamua ni nani angekuwa msanii wa mitambo na nani angebaki mtazamaji.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera, mafuta yalikuwa ya foleni na vipuri havikupatikana; bendi iliyounguza amplifaya iliweza kukaa miezi bila kupiga. Biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, zikaingia redio kaseti kubwa, deki za video na jenereta ndogo, na kwa mara ya kwanza mtambo wa sauti na picha ukawa kitu ambacho mfanyabiashara wa kawaida aliweza kukinunua kwa fedha za msimu mmoja wa mpunga mzuri. Disko vumbi likazaliwa hapo: kiwanja cha udongo, jenereta lililofichwa nyuma ya nyumba ili mngurumo usishindane na wimbo, taa zilizofungwa karatasi za rangi. Mapazia ya kanga yakawa kuta. Na likaja banda la video, ambalo watu waliliita kibanda umiza, mabenchi ya mbao na televisheni moja mbele, wimbo ukisikika nje ili kumvuta mpita njia.

Banda la video lilileta sanaa ambayo haijapewa heshima yake. Filamu zilikuwa za Kihindi, za Hong Kong, za Marekani, na baadaye za Nigeria. Watazamaji walitaka Kiswahili. Katika miaka ya 1990 wakatokea watafsiri walioshika kipaza sauti na kuisimulia filamu yote papo hapo. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Mtafsiri wa aina yake alifafanua, alitania, alionya, aliwapa wahusika majina ya mtaani, alishusha sauti ya filamu pale alipotaka kusikika na kuipandisha pale ngumi zilipoanza. Huo ulikuwa upigaji wa moja kwa moja hasa: mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, kitufe cha sauti, na picha kama mwenzake wa jukwaani. Mbinu ya kucheza na sauti ya mtambo kwa kidole huku ukisema na umati kwa mdomo ilikomazwa humo. Ukimsikia MC wa harusi leo akishusha biti ili jina la mama mzazi wa bibi harusi lisikike, kisha akaiachia irudi kwa kishindo, umesikia ufundi wa banda la video.

Kutoka hapo hadi muziki wa singeli ni hatua fupi. Uswahilini Dar es Salaam, katika mitaa kama Tandale, Manzese na Mburahati, sherehe za mkesha wa harusi zilizoitwa vigodoro zilihitaji muziki wa usiku kucha kwa fedha kidogo. Bendi kamili ilikuwa ghali. Ma-DJ wakachukua vipande vya taarabu, wakavirudiarudia, wakavikimbiza. Biti zikapita 200 kwa dakika, nyingine zikikaribia 300. Kompyuta iliyochoka ikageuzwa ngoma: kila kitufe kimepewa mlio wake, na DJ anakipiga kwa vidole viwili kwa kasi ambayo jicho haliifuati. MC anaghani juu yake bila kuvuta pumzi, na wenye mauno wanajibu. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila waliutoa muziki huo mtaani wakaufikisha redioni na kwenye kampeni za siasa.

Upande mwingine wa singeli ulikwenda mbali zaidi, na njia yake ilipitia mto mwingine. Mwaka 2015 tamasha la Nyege Nyege lilianzishwa Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani, karibu na bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Waanzilishi wake wakaanzisha pia lebo ya kurekodi, na mwaka 2017 ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Baada ya hapo Sisso, Jay Mitta, Bamba Pana, Makaveli, Duke na MCZO wakaanza kuonekana kwenye matamasha ya muziki wa kielektroniki ya Ulaya, ambako kila onesho hupewa skrini na mtu wa picha. Watazamaji wa huko, waliozoea DJ aliyeinamisha kichwa juu ya mashine, walimwona kijana wa Kitanzania akiipiga kompyuta kama mtu apigaye ngoma, na wakaelewa kwamba kitendo cha mkono wake ndiyo picha yenyewe.

Nairobi ilikuwa imefika hapo kwa njia ya wasomi. Just A Band, kundi la Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, lilitokana na Chuo Kikuu cha Kenyatta, likaunganisha ala, kompyuta, katuni na video tangu albamu zake za mwanzo. Mwaka 2010 video ya wimbo wao Ha-He ilimzaa Makmende, shujaa wa kubuni aliyesambaa intanetini kuliko wimbo wenyewe. Ni kazi nzuri, ya watu wanaojua wanachofanya. Lakini anayetaka kuielewa Afrika Mashariki asiishie kwao. Wa Mburahati na wa kibanda umiza waligundua mambo yaleyale kwa sababu ya uhaba, na ugunduzi wao ndio uliosambaa hadi vijijini.

Kwenye ngazi ya juu kabisa, matamasha yanayozunguka mikoani kama Fiesta na Wasafi Festival yamewazoesha Watanzania ukuta wa skrini za LED nyuma ya msanii, moshi, na mwanga unaofuata mdundo. Hivyo ndivyo vitu ambavyo fundi wa kijijini huvitafsiri kwa alichonacho. Skrini inakuwa shuka. Mwanga wa mamilioni unakuwa balbu ya kuzunguka inayonunuliwa kwa machinga.

Umeme nao ulianza kurudi nyumbani, kwa mwendo wa polepole. Kituo cha Kihansi, megawati 180, kilikamilika mwaka 2000 kwenye maporomoko ya mto unaomwaga maji yake Kilombero, upande huohuo wa Mlimba. Kilikuwa na gharama ya pekee. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, ukungu uliokuwa ukirushwa na maporomoko ulipungua, na ndani ya ukungu huo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, aliyegunduliwa mwaka 1996, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ikabidi yafungwe mabomba yenye vitundu vidogo ili kumtengenezea ukungu wa bandia, na baadhi ya vyura wakapelekwa kulelewa Marekani. Miaka 30 kabla, Osaka, ukungu wa vitundu vidogo ulikuwa sanaa ya kumshangaza mtalii. Huko Kihansi ulikuwa dawa ya kumwokoa kiumbe aliyepoteza nyumba yake kwa ajili ya taa zetu. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Miaka michache baadaye waliozaliwa kwenye uangalizi walianza kurudishwa.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na katika miaka iliyofuata nguzo zikaanza kusimama kwenye vijiji vilivyokuwa vikizitazama nyaya kubwa zikipita. Umeme wa jua ukajaza mapengo. Upande wa barabara, daraja la mto Kilombero pale Ifakara, linaloitwa Daraja la Magufuli, lilimaliza enzi ya kivuko kati ya Ifakara na Ulanga, na mwenye mziki akaweza kukodiwa ng'ambo usiku na kurudi asubuhi. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha huko Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na mto Kilombero. Skrini ikiwaka leo uwanjani Dar es Salaam, sehemu ya nguvu yake ilianza kama mvua juu ya Udzungwa na ikapita pembeni ya mashamba ya mpunga ya bonde hili.

Mikanda ya Radio Tanzania ilihifadhiwa maktaba, na kwa sababu hiyo Mbaraka Mwinshehe bado anasikika. Hakuna maktaba iliyokusanya kazi ya wenye disko vumbi, watafsiri wa mabanda ya video na mafundi wa mziki wa Kilombero. Iko kwenye VHS zinazoota ukungu, kaseti zilizolegea, diski za kompyuta zilizokufa na memori kadi zinazofutwa kila msimu ili ziingizwe nyimbo mpya. Mikanda ya harusi ya miaka ya 1990 ina zaidi ya maharusi ndani yake: ina sauti za MC waliokwisha kufariki, ngoma zilizopigwa kabla ya spika kuwashwa, sura za uwanja kabla ya nguzo za umeme. Wazee walioendesha jenereta za mwanzo wako hai katika vijiji vingi na wanakumbuka bei ya lita, jina la kila bendi iliyofika, na usiku ambao shuka liliungua. Msomaji mwenye mkanda wa namna hiyo kabatini, Mchombe, Mngeta, Ifakara au popote bondeni, asiutupe wala asiurekodie juu yake. Autafutie deki inayofanya kazi, aunakili, aandike tarehe na majina ya walioonekana, na nakala moja aipeleke kwa afisa utamaduni wa halmashauri yake.